Ni ubongo wake, ni damu ya ukoo, au ni masika?

"Mume wangu ana miaka 38, ni mpishi kwenye safari za kupanda Mlima Kilimanjaro, na tunaishi nje kidogo ya Moshi. Kuanzia Juni hadi Oktoba hana shida. Akiwa mlimani siku sita hanywi hata tone, na wenzake wanasema ndiye anayewachekesha kambini. Masika yakiingia na safari kukatika, anakuwa mtu mwingine. Anaanza na mbege mchana, jioni anaongeza konyagi, saa 9 usiku yuko macho anajigeuza kitandani huku jasho linamtoka, asubuhi hataki kusemeshwa. Muuguzi wa zahanati aliniambia pombe imevuruga kemikali za ubongo. Mama mkwe anasema ni damu, maana baba yake alikuwa hivyo hivyo. Mshauri wa kanisani anasema tusimtazame yeye peke yake, tatizo ni la nyumba nzima, na mimi nijichunguze. Shemeji yangu anacheka, anasema ni njaa tu, hela ikirudi atapona. Binti yangu aliye chuoni anasema hata wanasaikolojia wenyewe wamegawanyika: wengine wanamchambua mtu vipande vipande, wengine wanataka umtazame mzima. Niamini nani? Na nianzie wapi?"

Pole sana, dada. Nikisoma barua yako naona kila aliyekupa maelezo amekuachia na mzigo wa kubeba. Muuguzi akiwa sahihi, unaogopa mume ameshaharibika. Mama mkwe akiwa sahihi, unawatazama watoto wako na kujiuliza ni nani atafuata. Mshauri akiwa sahihi, kosa ni lako. Shemeji akiwa sahihi, basi unakuza jambo dogo. Ndiyo maana swali la "niamini nani" limekuwa zito hivyo.

Nianze kwa kukupunguzia: si lazima uchague mmoja. Wote wanne wanaweza kuwa wamesema kweli, kwa sababu kila mmoja amejibu swali tofauti bila kujua. Kazi iliyobaki ni kujua nani amejibu swali gani, na ni jibu lipi linakuhusu wiki hii.

Binti yako hajakosea. Katika saikolojia kuna mtazamo unaoeleza tabia kwa kuishusha kwenye sehemu zake ndogo: jeni, homoni, chembe za ubongo, au tabia moja moja iliyofundishwa kwa thawabu na adhabu. Huo huitwa ridakshonizimu. Kuna mwingine unaosema mtu haeleweki ukimkata vipande, lazima umwone pamoja na historia yake, ndoa yake, kazi yake na mahali anapoishi. Huo ni holizimu. Watu wengi hapa wamezoea kudhani wa kwanza maana yake ni vidonge vya hospitali, na wa pili maana yake ni mitishamba au maombi. Sivyo. John Watson, aliyeanzisha ubihevia Marekani mwaka 1913, alichambua vipande kuliko wengi, na hakuwa na habari na vidonge. Yeye alitazama kichocheo na mwitikio tu, ya ndani ya kichwa akayaacha. Na George Engel, aliyeandika mwaka 1977 kwamba ugonjwa utazamwe kwa pamoja kwenye mwili, akili na jamii, alikuwa daktari wa hospitali hasa. Hospitali na kanisa zote zinaweza kuchambua vipande, na zote zinaweza kutazama mtu mzima.

Wewe unaishi kwenye nchi ya mbege, kwa hiyo tuitumie hiyo. Ndizi mbivu huchemshwa kwa muda mrefu, zikaachwa siku kadhaa zichachuke, zikachujwa, kisha unaongezwa uji wa kimea cha ulezi, na magome ya msesewe kwa ajili ya ule uchungu. Onja ulezi peke yake, onja msesewe peke yake: mbege haimo. Ladha inazaliwa vitu vinapokutana na kukaa pamoja. Hapo mtu wa "mzima" ana haki yake. Lakini pipa likiharibika, mama anayepika haketi kutafakari uhusiano wa vitu vyote. Anauliza: kimea kilipata unyevu? Ndizi zilivunwa changa? Chombo kilisuguliwa? Anachambua, na hana njia nyingine ya kupata jibu kabla ya pipa la kesho.

(Hapo hapo kwenye msesewe kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Mti huo ni wa jenasi ya Rauvolfia, na ndugu yake wa India ndiye aliyetoa dawa ya reserpini, iliyotengwa mwaka 1952 na kutumika kushusha shinikizo la damu. Ikaonekana baadhi ya waliokunywa wanazama kwenye huzuni, na kwa kuwa dawa hiyo hupunguza serotonini na kemikali nyingine za ubongo, madaktari wakakisia kwamba huzuni ni upungufu wa kemikali hizo. Ile kauli ya "kemikali za ubongo" imetokea sehemu ya safari yake huko. Ushahidi wa reserpini baadaye ulionekana dhaifu, na mapitio makubwa ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2022 hayakupata ushahidi thabiti kwamba sonona, yaani ule ugonjwa wa huzuni nzito, husababishwa na serotonini kupungua. Hii haimaanishi dawa za sonona hazifanyi kazi. Uchambuzi wa majaribio 522 uliotoka mwaka 2018 ulionyesha dawa zote 21 zilizopimwa ziliishinda dawa bandia, ingawa si kwa tofauti kubwa. Na msesewe wa kwenye mbege usiufanye mchawi. Haujahukumiwa kwa lolote.)

Sasa turudi kwa mumeo. Kuna kipimo kimoja ninachopenda kutumia kwa kila maelezo ya tabia, na hata wewe unaweza kukitumia jikoni kwako. Uliza maswali mawili: kwa nini yeye na si mwenzake? Na kwa nini sasa na si Agosti? Maelezo yanayojibu swali moja kwa kawaida yatashindwa la pili, na hapo ndipo utaona mpaka wake.

Tumpime mama mkwe kwanza. Urithi upo, na si mdogo. Tafiti za mapacha zinaonyesha kwamba karibu nusu ya tofauti kati ya mtu na mtu katika kupata uraibu wa pombe inahusiana na jeni. Sikiliza maneno hayo vizuri, kwa sababu yanageuzwa kila siku: ni nusu ya tofauti kati ya watu wengi, hayasemi kwamba nusu ya ulevi wa mumeo ilitoka kwa baba yake. Wala hakuna jeni moja ya ulevi. Ni nyingi, kila moja na nguvu yake ndogo, na nyingine hupitia njia ya kawaida kabisa. Kwa mfano, kuna watu, wengi wao wa Asia ya Mashariki, ambao mwili wao hauvunji vizuri sumu inayotokana na pombe. Wakinywa glasi moja uso unawaka na moyo unakwenda mbio, kwa hiyo wengi hawafiki mbali. Upande wa pili ni yule mwanamume anayesifiwa kijiweni kwamba "huyu anakunywa, halewi". Wana wa walevi waliofuatiliwa kwa miaka wameonyesha kwamba wasiosikia pombe haraka ndio walio kwenye hatari kubwa zaidi ya kuzama, maana hawana breki. Watoto wako wakikua, hilo ndilo la kuwaambia, badala ya kuwaambia wana damu mbaya.

Kwa hiyo damu inasaidia kujibu "kwa nini yeye na si mwenzake". Lakini jeni za mumeo za Agosti ndizo hizo hizo za Aprili. Hazijui masika. Mama mkwe hana jibu la swali la pili.

Shemeji ana jibu hilo, na ananikera kidogo kwa sababu anacheka akiwa na nusu ya ukweli mkononi. Safari zikikatika, mumeo hapotezi mshahara na bahashishi tu. Anapoteza saa ya kuamka, watu wa kucheka nao, sababu ya kutokuwa na pombe mwilini, na cheo chake cha mpishi. Nguvu ya mazingira kwenye uraibu si jambo la kubahatisha. Mwaka 1971 askari wa Marekani walipokuwa wanarudi kutoka Vietnam, karibu mmoja kati ya watano alikuwa amekuwa mraibu wa heroini akiwa huko. Serikali ilitarajia balaa. Walipofuatiliwa, katika mwaka wa kwanza nyumbani takriban 5 tu kati ya kila 100 ya waliokuwa waraibu ndio waliorudia uraibu. Heroini ile ile, ubongo ule ule, mahali tofauti. Mumeo anafanya safari kama hiyo kila mwaka: lango la mlima ni mpaka wake. Ila shemeji naye ajibu swali la kwanza: wapagazi na wapishi wangapi wa mtaa wenu wamekaa bila safari Aprili hii, na wangapi kati yao wanaamka saa 9 usiku wakitokwa jasho? Njaa ni ya wote. Jasho si la wote.

Na jasho hilo ndilo eneo la muuguzi. Hapa kuchambua vipande kunalipa kuliko maneno yote. Pombe huongeza nguvu ya kemikali inayotuliza ubongo, iitwayo GABA, na kupunguza ile inayouamsha, glutameti. Ukinywa kila siku kwa wiki kadhaa, ubongo unajisawazisha: unapunguza usikivu wake kwa ile ya kutuliza na kuongeza kwa ile ya kuamsha. Ni kama mtu anayeegemea mlango unaosukumwa kutoka nje. Siku anayesukuma akiondoka ghafla, aliyeegemea anaanguka nje. Sasa piga hesabu. Chupa ndogo ya mililita 200 ya pombe kali ya asilimia 35 ina takriban gramu 55 za kilevi halisi. Ini la mtu mzima huondoa kama gramu 7 hadi 10 kwa saa. Akiimaliza saa 3 usiku, kilevi kinamwisha mwilini kati ya saa 8 na nusu usiku na saa 11 alfajiri, bila kuhesabu mbege ya mchana. Saa 9 yako iko hapo katikati. Kinachomwamsha ni ubongo ulioegemea mlango: moyo unadunda, mwili unalowa, mawazo yanakimbia, na kila deni linaonekana kubwa mara tatu. Asubuhi hataki kusemeshwa kwa sababu hajalala, na pengine kwa sababu anaona aibu.

Hicho alichokiita muuguzi "kuvuruga" ni jambo linalorudi katika hali yake kwa sehemu kubwa. Hali hiyo ya ubongo kuhangaika hutulia ndani ya siku chache hadi wiki, ingawa usingizi unaweza kusumbua kwa muda mrefu zaidi. Kosa la maelezo ya muuguzi ni kwamba yanaishia kichwani. Yanaeleza saa 9 usiku vizuri mno, lakini hayaelezi saa 7 mchana, pale mumeo anapopinda kuelekea kilabuni badala ya kwenda shambani.

Nimemwacha mshauri mwisho kwa sababu yeye ndiye aliyekuumiza. Wazo la kutazama nyumba nzima lina msingi. Ndani ya ndoa tabia huenda kwa mzunguko: anachelewa, unapekua mifuko, anaondoka kwa hasira, anarudi amelewa zaidi, unafunga mlango, kesho anaanza mapema. Ukiuliza nani alianza, kila mmoja ataonyesha kidole na wote mtakuwa na ushahidi. Faida ya kuuona mzunguko ni kwamba unaweza kukatwa popote, hata na mtu ambaye hakuuanzisha. Lakini kusema unaweza kuukata si kusema uliusababisha, na hapo ndipo watu wa "mtu mzima" wamewahi kuteleza vibaya. Mwaka 1948 daktari Frieda Fromm-Reichmann aliandika juu ya mama ambaye namna yake ya kulea humzalishia mtoto skizofrenia, ugonjwa mkubwa wa akili. Wazo hilo lilisambaa, akina mama wakabebeshwa lawama kwa miongo kadhaa, na utafiti haukuliunga mkono. Maelezo yanayogusa kila kitu ni vigumu kuyapima, na yasiyopimwa humwangukia aliye karibu na mwenye kunyamaza, ambaye mara nyingi ni mke au mama. Ukiambiwa "jichunguze", uliza: nibadilishe nini hasa, siku gani, na tutajuaje kama imesaidia? Akikosa jibu, mshukuru uende zako.

Upande wa vipande nao una historia ya kujivunia na ya kuonea haya, na mfano mmoja unatuhusu sisi wala ugali. Mwanzoni mwa karne ya 20 kusini mwa Marekani watu maelfu waliugua pelagra: ngozi kuchubuka, kuhara, kisha kuchanganyikiwa akili hadi kupelekwa kwenye hospitali za wagonjwa wa akili. Wengi waliamini ni maambukizo. Joseph Goldberger, aliyeanza kuichunguza mwaka 1914, alionyesha kwamba ni chakula, na mwaka 1937 ikajulikana kinachokosekana ni niasini, vitamini moja tu. Uchambuzi wa vipande uliwatoa watu wodini. Lakini kwa nini walikuwa wanakula mahindi, molasi na mafuta ya nguruwe siku zote? Kwa sababu walikuwa wakulima wa pamba wasio na ardhi yao, na bei ya pamba ndiyo iliyopanga kilichoko sahanini. Vitamini ilijibu swali la daktari, pamba ikajibu swali la kwa nini kijiji kizima. Walevi wanaokunywa bila kula nao huweza kupata pelagra, kwa hiyo niulizie: mumeo siku za Aprili anakula nini, na mara ngapi?

Nianzie wapi, umeuliza. Mimi naanza na kinachoweza kuua, kisha kinachoweza kupimwa, kisha kinachoweza kubadilishwa. Si kwa sababu mwili ni muhimu kuliko ndoa, ila mwili hauna subira.

Usimfungie pombe ghafla. Wake wengi hufanya hivyo kwa upendo: wanaficha hela, wanamwaga chupa, wanamfungia ndani wikendi. Kwa mtu aliyekunywa kila siku kwa wiki nyingi, kuacha kwa mara moja kunaweza kuleta mtetemeko, jasho na kutapika ndani ya saa 6 hadi 24. Degedege kati ya saa 6 na 48. Na siku ya pili hadi ya nne, kuchanganyikiwa na kuona visivyokuwepo, hali inayoua isipotibiwa. Jasho la saa 9 usiku ni dalili ya mwanzo ya njia hiyo. Akiwa pia anatetemeka mikono asubuhi hadi apate kinywaji, au amewahi kupata degedege, aachishwe akiwa chini ya uangalizi wa hospitali, ambako hupewa dawa za kundi la diazepamu kwa kipimo kinachopunguzwa siku hadi siku, pamoja na vitamini B1. Diazepamu msiinunue wenyewe. Ikichanganyika na pombe inaweza kusimamisha pumzi.

Ule ushahidi wako wa siku sita mlimani ni mzuri, unaonyesha kwamba kwenye msimu mwili wake hautegemei pombe. Usiuhamishie Aprili. Na kuna hatari ambayo sijaona ikisemwa vya kutosha kwa watu wa mlima: safari ikitokea ghafla mwishoni mwa Mei, baada ya wiki sita za kunywa kila siku, siku mbili za kwanza za kupanda ndizo zile zile saa 48 za hatari. Kichwa kuuma, kichefuchefu, kukosa usingizi: kule juu kwenye kambi ya Horombo, mita 3,720, kila mtu atasema ni mwinuko umemshika. Kiongozi wa safari akijua ukweli, anaweza kumshusha mapema. Asipojua, anampa maji na kumwambia alale.

Uliza pia kama ameanguka akiwa amelewa akajigonga kichwa, hata wiki tatu zilizopita. Kichwa kinachouma kuzidi kila siku, usingizi usio wa kawaida mchana, mguu au mkono mmoja kulegea: hiyo inaweza kuwa damu iliyovilia ndani ya fuvu, na inahitaji hospitali kubwa siku hiyo hiyo. Ndoa na masika vitasubiri.

Baada ya hapo, pima. Kuna maswali 10 ya Shirika la Afya Duniani yaitwayo AUDIT, yaliyotafsiriwa kwa Kiswahili na kupimwa pale hospitali ya KCMC, Moshi, kwa wagonjwa wa majeraha. Alama zinakwenda hadi 40. Kuanzia 8 unywaji ni wa hatari. 20 na zaidi, mtu anahitaji kuonwa na mtaalamu wa uraibu. Maswali hayo huuliza unywaji kwa vipimo, na kipimo kimoja ni gramu 10 za kilevi: bia ya nusu lita ya asilimia 5 ni vipimo viwili, ile chupa ndogo ya konyagi ni vitano na nusu. Mbege haina lebo na nguvu yake hubadilika kadiri inavyokaa, kwa hiyo andika lita, usikisie.

Andika wapi? Nunua daftari la kurasa 40. Kwa wiki mbili, kila siku mstari mmoja: siku, nini kilitokea kabla hajanywa, saa aliyoanza, kiasi, usingizi ulikuwaje. Kwa mfano: "Jumanne. Simu saa 6, safari imeahirishwa. Alianza saa 7. Mbege lita 2, konyagi ndogo 1. Macho saa 9." Kisha: "Alhamisi. Alipalilia mahindi na shemeji hadi saa 11 jioni. Mbege lita 1. Alilala." Mistari 14 ya namna hiyo itakuambia mengi kuliko mabishano yetu ya kitaalamu. Pengine utagundua siku mbaya si za njaa, ni siku za simu za kuahirishwa. Pengine utagundua asipoanza mchana, usiku hafiki kwenye konyagi. Akikubali kuandika mwenyewe, bora zaidi. Asipokubali, usifanye siri ya kumviziavizia, mwambie tu unaandika na kwa nini.

Kisha badilisha kitu kimoja, kwa wiki mbili, uone mstari unavyobadilika. Ukibadilisha vitano kwa pamoja hutajua kilichosaidia. Hapa ndipo wewe una nguvu kuliko unavyodhani. Utafiti mmoja wa Marekani wa mwaka 1999 ulilinganisha njia za kuwasaidia ndugu wa walevi waliokataa matibabu. Pale ndugu walipofundishwa mbinu za nyumbani, 64 kati ya 100 ya walevi hao waliingia kwenye matibabu. Pale walipofundishwa kumwacha tu na kujitunza wenyewe, 13. Mbinu zenyewe hazina uganga. Akiwa hajanywa, kaeni, mpe chakula anachokipenda, ongeeni mambo mengine kabisa. Akiwa amekunywa, jiondoe bila kelele. Usimsemee uongo kwa kampuni yake, wala usilipe deni la kilabuni. Na ombi la kwenda hospitali liseme asubuhi akiwa mtulivu, dakika 10, bila watoto, kwa jambo moja alilolisema yeye: "Uliniambia huwezi kulala. Twende tukaulizie usingizi." Wanaume wengi watakataa kutibiwa ulevi lakini watakubali kutibiwa usingizi, na kwa daktari mlango ni ule ule.

Kwa upande wa shemeji, mpe kazi badala ya kumbishia. Aprili inakuja kila mwaka na tarehe yake inajulikana. Fungu la bahashishi za Julai hadi Oktoba liingie VICOBA, kile kikundi cha kuweka na kukopa, au kibubu chenye jina la masika, na shemeji awe na shughuli ya pamoja naye inayoanza saa 1 asubuhi, iwe kihambani, shamba la nyumbani, au kwingine. Saa ya kuanza ni muhimu kuliko malipo yake.

Kuna hali ambazo usisubiri daftari. Akianza kukupiga au kutishia, Dawati la Jinsia na Watoto lipo kwenye vituo vya polisi. Kwa watoto, namba 116 hupigwa bure. Akisema hana faida ya kuishi, au akianza kugawa vitu vyake na kuaga, usimwache peke yake, na sumu zote za kahawa na mahindi zitoke nyumbani kwako leo, ziwekwe kwa jirani. Degedege, kuweweseka, kutapika damu au macho kuwa ya manjano ni hospitali usiku huo huo. Kwa yaliyobaki, kliniki ya afya ya akili ya hospitali ya Mawenzi au KCMC inatosha kuanzia. Siku ya kwenda, beba daftari, kadi zake zote za zamani, na dawa zote anazotumia, za dukani na za mizizi, ndani ya mfuko mmoja, umwekee daktari mezani.